Kisahani cha Juu

Mwatumu alikuwa akipanga zoezi la kulenga shabaha la Mzee Kilindo kwenye kompyuta: kisahani cha udongo kiruke chinichini, upepo wa kushoto. Hapa kisahani ni picha tu kwenye pazia, na bunduki hutiwa risasi ya taa, isiyotoboa hata karatasi. Nyuma ya pazia mumewe alichutama kando ya ngazi akikaza waya, akipiga mluzi.

Mzee akafunga mtutu wa bunduki yake, tayari kulenga. Risasi ya taa ilikuwa bado mezani.

Mwatumu akaitazama tena. Mzee amejaza zile za kweli, za mfukoni!

“Mzee, usifyatue!”

Hakusikia, alikuwa ameziba masikio, kama alivyozoea uwanjani.

“Rusha!” akaagiza, mtutu umeelekea chini ya pazia.

Mwatumu akawahi kubadilisha chini kuwa juu, akabofya. Kisahani kikapaa juu kabisa, mtutu ukakifuata.

Nyuma ya pazia, mumewe na mluzi wake wakaanza kupanda ngazi.