Pamba Iliyolowa

Fundi alipoifungua ile sigara ya umeme, pamba ya ndani ilikuwa imelowa. Mtu ameivuta leo hii.

Akashusha pumzi. Tangu asubuhi alikuwa akisugua mabomba ya shaba ya shisha kwa siki na mswaki mkuukuu, mgongo umemkakamaa, na sasa hili.

“Ni ya mume wangu,” mwanamke aliyeileta, aliyesimama ng'ambo ya meza, alikuwa amemwambia. “Ameacha tangu mtoto alazwe kwa kifua. Isafishe tu, tuiuze.”

Ati ameacha! Mwezi uliopita mke na mume wengine walivunjiana heshima hapa hapa mezani kwake kwa sababu ya pamba mbichi kama hii. Hakuwa na nguvu za kuamua ugomvi mwingine.

“Pamba imekauka kau, shemeji,” akasema. “Bwana wako mkweli.”

“Mkweli sana,” mwanamke akajibu, macho kayapeleka pembeni.

Fundi akaitupa pamba upesi, akasugua meno ya skrubu. Kipande cha mdomoni hukiacha cha mwisho siku zote. Alipokifuta, kitambaa cheupe kikatoka na rangi ya zambarau.

Akainua uso. Mwanamke alikuwa akijifuta midomo kwa kiganja, na rangi ya mdomo ya zambarau ilikuwa imemwenea mpaka shavuni.