Utando wa Kumi na Mbili

Nyuzi mia moja chini ya sifuri, na mstari wa ukinzani kwenye skrini ulikuwa bado umelala vilevile.

"Acha kuukodolea macho, utauogopesha," alisema Profesa Lindqvist, naye mwenyewe hakuweza kubandua yake.

Noreen aliendelea kuukodolea. Tando kumi na moja za plastiki yake zilikuwa zimemwaibisha kwa namna ileile: mezani zinapitisha umeme kama metali, zikionja baridi tu zinagoma, ukinzani unapanda mbio, mwisho umeme haupiti kabisa. Huu ulikuwa wa kumi na mbili. Ukigoma nao, mradi unafungwa Ijumaa, na miaka minne ya shahada yake inakwenda na maji.

Asubuhi alikuwa na haraka. Aliuteremsha utando kwenye kopo la baridi, akafungua valvu ya mtungi mdogo wa heliamu kwa mazoea, kahawa mkono wa pili. Gesi hiyo kidogo ndiyo inayochukua baridi ya kuta za kopo, kilipo kipimajoto, na kuufikishia utando katikati. Bila hiyo utando unabaki na joto la mezani.

Mia mbili. Mstari haukutikisika.

"Wewe Noreen," profesa alinong'ona, "hii plastiki yako inajifanya metali?"

"Haijifanyi, Prof. Imeshakuwa."

Mia mbili sitini na tisa, na mstari umelala tu. Profesa, mama wa miaka sitini ambaye Philadelphia nzima haijawahi kuona meno yake, alivua viatu akacheza sakafuni. Akampigia simu mkuu wa kitivo. Akaanza kuuliza kwenye tuzo za Stockholm watu huvaa nini. Noreen alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akalia, akacheka tena. Alikuwa na furaha ya kumtia mtu wazimu.

Mlango ukasukumwa kwa kisigino. Mzee Otis, fundi wa karakana ya chini, aliingia kinyumenyume na maputo arobaini. Aliyaachia, yote yakapaa yakajazana darini.

"Otis jamani, umeyapata wapi haya yote kwa dakika kumi?"

"Dakika kumi za wapi, mwanangu," alisema Otis, machozi yakimlengalenga. "Nimeyajaza asubuhi na mapema, kabla hujafika, mpaka ule mtungi wako mdogo ukaisha kabisa. Nilijua tu leo ni siku yako."