Mbwa wa Bi Raheli Habweki

Sharti la polisi kwa maandamano lilikuwa fupi: baruti ibaki nyumbani, na kila mtutu uzibwe kwa kitambaa. Bi Raheli alikuwa ameuziba wake tangu juzi kwa kipande cha shuka la marehemu mumewe, akakishindilia kwa mpini wa mwiko mpaka jasho likamtoka.

Asubuhi hiyo waliingia Nduguti, makao ya wilaya, kwa miguu, wakulima arobaini na magobore yao begani, wawili wawili, kimya na kwa adabu kama watu waendao kuposa. Mbele ya wanaume wote alikwenda yeye, na miaka yake sabini na miwili. Gobore lake alilivika khanga, pakabaki kuonekana kitako na ncha ya mdomo tu.

Mabango yalikuwa mawili. Moja liliandikwa TUNAOMBA LESENI. La pili alilitunga mwenyewe: NGURUWE HAOMBI KIBALI.

Maana tangazo lilikuwa limetoka kwamba bunduki zote za kienyeji zisalimishwe kabla ya mwezi kuisha. Nao wakasema sawa, serikali ni yetu, lakini tukizitoa, nani atazungumza na nguruwe pori kwenye mtama? Tuandikeni majina, mtupe karatasi, tubaki nazo.

"Bibi, lete nikupokee," alisema Paschal, jirani yake, ambaye mwenyewe alikuwa amebadili bega mara nne.

"Shika lako. Kijiji kizima kinasonga ugali kwa miiko niliyochonga mimi. Bega langu halijui kulalamika."

"Basi tutegee, tusilisikie jua."

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ninaye mbwa wangu. Hali, habweki, hajang'ata mtu tangu azaliwe, lakini mwizi akifika uani kwangu hugeuza."

"Gobore!" mstari mzima ukaitika.

"Mmekosa. Nipeni mji."

Wakampa Singida Mjini na maziwa yake yote mawili.

"Haya, nimekwenda Singida, nimekula kuku, nimelala. Jibu nimelisahau hukohuko."

Walicheka wote isipokuwa mmoja. Antipasi, mdogo wa marehemu, hakuwa na gobore wala bango. Alikuja kutazama tu. Baada ya msiba alianza kuihamisha minyaa ya mpakani, leo hatua mbili, kesho tano, na shamba la mjane likawa linapungua kama sabuni. Mpaka alfajiri moja akamkuta shemeji yake amesimama katikati ya mtama, gobore begani, hasemi neno. Antipasi, ambaye siku zote aliamini kaka yake aliliuza gobore lile alipougua, alirudi nyumbani akijiuliza alidanganywa lini. Tangu siku ile minyaa haikusogea tena.

"Shemeji," alimwita sasa, kwa sauti ya chini. "Wakilichukua leo, kesho utalima wapi?"

"Palepale nilipolima jana."

Mkuu wa wilaya alitoka barazani, akasoma mabango, la nguruwe akalisoma mara mbili. Akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: kila bunduki itakaguliwa hapahapa. Iliyo nzima itaandikwa, ombi lipelekwe mbele, na mwenyewe arudi nayo nyumbani akisubiri jibu. Yenye kasoro inabaki.

"Vitambaa vitolewe!"

Watu wakapiga vigelegele. Bi Raheli hakupiga. Alilikumbatia gobore lake kama mtoto mwenye homa.

Koplo Dorkas akaketi mezani na daftari. Anachomoa kitambaa, anachungulia mtutuni, anaandika, kisha anasoma kwa sauti: jina, gobore moja, zima! La Paschal lilimwaga kutu kidogo, likapita.

"Shikamoo, bibi. Lete nikague."

"Marahaba, mjukuu wangu. La kwangu litakaguliwa ndani."

"Wote wamekaguliwa hapa, bibi."

"Wote wamekuja na yao. Hili ni la mtu aliye kaburini, na kitambaa hicho ni shuka alilofia. Hakichomolewi mbele za wanaume."

"Kichomolewe hapahapa!" Antipasi alipaza sauti, akajipenyeza mpaka mezani. "Anaficha nini? Hilo lina kasoro, libaki!"

Bi Raheli akageuka polepole. Akamtazama mpaka yule bwana akaanza kuhesabu vidole vya miguu yake.

"Shuka la kaka yako, Antipasi. Unataka lianikwe hapa, kila mtu aone?"

Umati ukaguna. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Aibu!" na wengine wakadakia, "Ndani! Ndani!" Koplo akainuka, akachukua daftari lake, akatangulia. Bi Raheli akamfuata shingo juu, asitazame kulia wala kushoto.

Mlango ukafungwa. Nje ya dirisha ncha ya kofia ya Antipasi ilikuwa imekwisha kusogea, ikitega sikio.

Koplo akaifungua khanga. Akakivuta kitambaa, akachungulia, akakunja uso, akatumbukiza kidole. Kidole kikazama hadi kiungo cha pili, kikagota. Akakwangua mtutu kwa ncha ya ufunguo. Yakatoka masizi yaliyokandwa kwa mafuta ya alizeti, na chini ya masizi pakatokea weupe wa mti.

"Bibi," alinong'ona.

"Kwenye daftari andika ulichokiona, mjukuu wangu," alinong'ona naye Bi Raheli, macho yake kwenye ile kofia. "Ila ukitoka hapo nje, lisome kwa sauti kama ulivyosoma la Paschal."