Kipengele cha Tisa

Marehemu aliongea saa nne asubuhi, katika chumba cha mikutano, mbele ya mawakili wawili na birika la chai.

"Poleni na kazi, ndugu zangu," alisema kwenye spika. "Msigombane kwa ajili yangu."

Upande wa chama cha waigizaji wa sauti waliinamisha vichwa. Mtu waliyemzika wenyewe miezi saba iliyopita, leo anawasalimia kwa sauti ileile nzito iliyomfanya aitwe Ngurumo. Wakili wa kampuni yenye studio alizima spika na kutabasamu kama aliyeleta zawadi. Ngurumo, alisema, ameingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni kwa miaka kumi na moja, na mashine imejifunza kuiga sauti yake yote. Watazamaji wamemzoea. Kwa nini wanyimwe?

Mjane alikuwa palepale, kiti cha tatu. Yeye ndiye mhariri wa sauti wa studio hiyo, na mjumbe wa kamati ya majadiliano ya chama. Wenzake walimtazama kwa wizi wakingoja machozi. Hayakuja.

"Hiyo ni nakala ile ya kwanza, iliyokatwa pumzi," alisema. "Mume wangu alikuwa anavuta pumzi kabla ya kusema 'ndugu'. Ya pili ndiyo imekaa sawa."

Wakili alimgeukia fundi mitambo wake, na fundi akaanza kukagua viatu vyake. Katibu wa chama alimminya mjane mkono chini ya meza. Mhariri ni mhariri hata akiwa na msiba, alijisemea, na moyo ukamuuma kwa ajili yake.

Mengine yote walikuwa wameshakubaliana: saa za kazi, usafiri, matibabu. Kilichobaki ni kipengele cha tisa. Kwa ajili yake waigizaji wa sauti arobaini walikuwa wamegoma wiki ya tatu sasa, na studio ilikuwa kimya. Mjane peke yake ndiye aliyeruhusiwa na chama kuingia, kila siku saa kumi na moja jioni, awashe mitambo kidogo isije ikafa kwa kukaa. Kipengele chenyewe kilikuwa kifupi. Sauti ya mwanachama aliyefariki isitumike tena na mtu yeyote, kwa kazi yoyote, na nakala zote zifutwe siku ya kutia saini. Ngurumo alikiandika kwa mkono wake, kitandani hospitalini, akapumzika mara nne kabla ya kufika nukta ya mwisho.

Walipopumzika kunywa chai, katibu alimsogelea mjane na kumuuliza kuhusu mama mkwe wake. Siku ya mazishi hawakumwona.

"Moyo wake mbovu," mjane alisema. "Daktari alimkataza kusafiri."

"Na majonzi anayamudu?"

"Jana alicheka mpaka akapaliwa."

Katibu alitikisa kichwa kwa heshima. Wazee wale, alisema, wana uvumilivu ambao sisi hatutaupata.

Saa nane mchana kampuni ililegea, lakini kwa ujanja wake. Wakili aliomba yaongezwe maneno matatu tu: isipokuwa familia ikiridhia. Akamtazama mjane moja kwa moja, kwa upole kabisa. Hakuna atakayelazimishwa, alisema. Yeye mwenyewe ndiye aamue kuhusu mumewe, leo hii, na mkataba usainiwe.

Chumba kizima kilimgeukia. Mjane aliuvuta mkataba, akayasoma maneno hayo matatu, akayasoma tena. Mtunza kumbukumbu akaweka kalamu chini. Katibu alitaka kuomba kikao kiahirishwe, maana aliona wanamtesa mtoto wa watu bure.

"Mkiachiwa mlango huo," mjane alisema hatimaye, "kesho mtambishia hodi kila mjane ambaye watoto wake hawajala. Na ataridhia. Mtu akiwa na shida anaridhia lolote, namjua." Akausukuma mkataba kando. "Hapana. Zifutwe zote."

Hapo ndipo alipolia, kwa nguvu, kichwa mezani, hata wakili akaona haya na kumsogezea glasi ya maji. Walisaini saa tisa kasorobo.

Wakashuka wote studio kushuhudia. Fundi alifungua kompyuta akayasoma majina ya mafaili moja moja, na katibu akawa anayawekea alama. Tamthilia ya kwanza, ya pili, ya tano. Kisha fundi akasita. Kulikuwa na mafaili mengi mafupi mafupi, ya nusu dakika, yenye tarehe za kila siku na bila jina la tamthilia yoyote.

"Ni majaribio," mjane alisema.

"Nayo yafutwe?"

"Si nimesema zote."

Aliomba abonyeze mwenyewe. Kidole kilikaa juu ya kitufe, na hakuna aliyemharakisha, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa amewahi kufiwa. Akabonyeza. Nje waigizaji walishaanza kuimba, na wanawake wa chama wakamkumbatia kwa zamu wakimwambia kwamba Ngurumo amepumzika sasa. Alisema asante kwa kila mmoja wao.

Alifika nyumbani jua likiwa bado halijazama. Alivua viatu, akakaa kitandani upande wa mumewe, simu mapajani. Saa kumi na mbili iliita, na ilikuwa ni mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu mtafute mumeo huko alikosafiri. Leo hajanitumia sauti yake, na tangu aondoke hajawahi kukosa hata siku moja. Muulize kama nimemkosea."