Mikwaruzo kwenye Boneti

Boneti ilipokauka, Mshonaji aliona miduara.

Mwanzoni alidhani ni povu lililobaki. Akamwaga maji tena, akafuta, akangoja. Miduara ikarudi ile ile, mamia kwa mamia, myembamba kama nyuzi, imeingiliana kuanzia taa hadi kwenye kioo. Akapitisha ukucha juu yake. Ukucha ukakwama.

Akauondoa mkono haraka.

Gari lile baba yake alilipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. Miaka thelathini alikuwa amepiga rangi magari ya watu, na alipostaafu akajipigia la kwake: jekundu lililoiva, matabaka saba, kila tabaka likisuguliwa kwa msasa wa maji kabla ya kuwekwa jingine. Siku moja kaka mkubwa wa Mshonaji aliliegemezea baiskeli. Baba hakumsemesha mwezi mzima. Hata chumvi mezani walikuwa wakiombana kupitia kwa mama. Mshonaji, kitindamimba, hakuwahi kuruhusiwa kuligusa. Kazi yake ilikuwa kushika mpira wa maji.

Sasa baba alikuwa amelazwa miezi miwili katika hospitali ya mbali, sukari imempanda na kidonda cha mguuni kimekataa kufunga. Mama alikuwa huko huko akimuuguza. Leo ndiyo siku ya kurudi. Gari lilikuwa limekaa uani muda wote huo, vumbi juu yake la kuandikika jina. Mshonaji alitaka baba alikute linang'aa. Nia yake ilikuwa hiyo tu.

Akampigia simu yule aliyekuwa mwanagenzi wa baba, ambaye siku hizi ana gereji yake. Fundi akaja na pikipiki, akachuchumaa pembeni ya boneti, akaitazama kwa ubavu.

"Dada, umeosha na nini?"

"Maji na sabuni ya unga."

"Kitambaa gani?"

Akamwonyesha. Kilikuwa kipande cha jinzi kilichobaki kwenye suruali ya mteja. Fundi akashika kichwa. Mshonaji mwenyewe aliona haya; vitambaa vyote vya dunia anavijua kwa kuvigusa tu, akaenda kuchagua kile.

"Vumbi ulilimwagia maji kwanza, likatiririka lenyewe?"

"Nililifuta."

"Ukaanzia wapi?"

"Magurudumu. Ndiyo yaliyokuwa machafu zaidi."

"Basi mchanga wa magurudumu umeubeba, ukaupandisha huku juu, ukausugulia." Akaangaza huku na huku. "Na ndoo ni hiyo moja?"

Mshonaji akaigeukia. Ndoo ilikuwa pale pale, maji yake meusi tititi.

"Mzee alitufundisha kuanzia paa na kushuka," fundi akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeko msibani. "Ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia sponji. Mkono mwepesi, kivulini. Magurudumu mwisho kabisa, na kitambaa chake. Hii sasa inataka mashine ya polishi. Siku mbili, nikijitahidi."

"Wanafika saa saba."

"Basi mwambie mwenyewe kabla hajaanza kuuliza. Yule mzee akisimama getini, hata alama ya ukucha wa paka anaiona."

Akawasha pikipiki, akaondoka.

Simu ikaita. Alikuwa mama.

"Tumeshavuka daraja. Toa viti vyote barazani, na ile meza ndogo. Baba yako asije akajikwaa."

"Mguu bado unamsumbua?"

"Mguu umefunga, tunashukuru Mungu. Wewe toa viti tu, mwanangu. Mengine tutaongea."

Akavitoa viti huku mawazo yako kwenye boneti. Alifikiria kulifunika gari kwa turubai, akaona atakuwa amejishtaki mwenyewe. Alifikiria kuwasingizia watoto wa jirani, akajionea aibu. Akabaki barazani akifanya mazoezi ya maneno: Baba, nisamehe. Baba, kuna jambo. Kila alipoyapanga, aliyapangua tena.

Saa saba na robo teksi ikasimama nje.

Baba aliingia getini ameweka mkono begani kwa mama, hatua ndogo ndogo. Alikuwa amekonda. Mshonaji aliona mabega ya shati lake yalivyoteremka inchi mbili nzima. Akamkimbilia, akamshika mkono, akamwamkia. Mkono ulikuwa mwepesi kama usio na mfupa.

"Mama," baba akasema. Alimwita hivyo kwa kuwa binti huyu ndiye aliyerithi jina la mama yake mzazi. "Nasikia harufu ya sabuni. Umeliosha gari?"

"Nimeliosha, baba."

Mama akainamisha uso, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mshonaji akaanza maneno yake. "Baba, kuna jambo nataka..."

"Subiri." Baba akauachia mkono wake, akauondoa na wake begani kwa mama. Akasimama peke yake, amenyooka. "Kwanza nilitazame."

Akatazama kama alivyokuwa akitazama kazi iliyokamilika, kichwa amekilaza upande, jicho moja amelibana. Alitazama muda mrefu. Mshonaji akafumba macho, akangoja ngurumo.

"Limetakata," baba akasema. "Jekundu lake lile lile. Hata mkwaruzo mmoja sioni. Nani kakufundisha kuosha hivi, mama?"

Mshonaji akafumbua macho. Gari lilikuwa upande wao wa kulia, hatua tatu tu, na jua lote limelala kwenye boneti. Baba yake alikuwa ameligeuzia bega. Alisimama akitabasamu mbele ya kamba ya nguo, akilitazama blanketi jekundu lililoanikwa.