Michirizi kwenye Boneti

"Tena! Jamani, michirizi imerudi tena, hebu njoo uone mwenyewe!"

Odeta alisimama uani kwao Kiseke, ndoo mkono mmoja, tambara mkono wa pili. Mbele yake Corolla ya bluu, mtumba wa Japani, stika za Kijapani bado ziko kiooni. Ilikuwa inang'aa kila mahali isipokuwa boneti. Hapo mistari myeupe ilijipitia inavyotaka, kama konokono wamepita wakicheza rumba.

Mdogo wake, Gladness, alikuja anatafuna muwa. "Si ulikausha?"

"Nilikausha! Nimeingia kuepua maharage tu, natoka, nakuta hivi!"

"Basi chuoni mlisoma nini miaka yote ile?"

"Gladi, nitakumwagia hii ndoo."

Alitania, lakini hilo halikuwa gari la kutania. Gari lilikuwa la Elias, mchumba wake. Asubuhi hiyo Elias alimleta mama yake kutoka Magu aje kumwona binti, gari likafika limejaa vumbi kama gunia la mihogo. Akamwacha mama, akaacha na gari, akakimbilia zamu yake kiwanda cha minofu ya samaki. Mama akirudi Magu na kusema ndiyo, harusi ipo. Akisema hapana, Elias hana ubavu wa kumpinga, na Odeta alilijua hilo vizuri.

Tena Elias alishamdokeza. Mama ana wasiwasi na wasomi. Anasema kalamu wanaijua, tambara hawalijui.

Ndiyo maana Odeta aliamua kuliosha lile gari mwenyewe, mbele ya macho ya mama mkwe, ling'ae bila mstari hata mmoja.

Mama Elias alikuwa amekaa kwenye kigoda ukutani, kikapu chake miguuni. Kochi alilikataa, soda aliikataa. "Hapa panatosha, mwanangu. Gari naliona."

"Ni jua," Gladness alinong'ona. "Linakausha maji kabla ya tambara. Tulisogeze kivulini."

Basi wakalisukuma hadi nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha jiwe kubwa lililokuwa huko, Gladness akishika usukani na kupiga kelele kama dereva wa lori. Mama Elias akabeba kigoda chake na kikapu, akawafuata. Odeta akaanza upya. Juu kwanza, kisha vioo, milango, magurudumu mwisho. Akasuuza kwa maji matupu mpaka povu likaisha, akakausha kwa kanga ya zamani ya mama yake, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama pamba. Boneti ikawa kioo. Ungeweza kuchania nywele.

Mama Elias akanyanyua kichwa. "Umefuta?"

"Nimefuta, mama!"

"Yote?"

"Yote kabisa! Mimi kitu kama kile sikiachi kwenye gari la Elias."

Mama Elias akavuta kikapu chake karibu. "Na mama yako anajua unafanya hivyo?"

"Mama ndiye aliyenifundisha!"

"Haya," akasema mama wa watu, na kushusha pumzi.

Odeta akaingia ndani anaruka kama mwanambuzi. Akanawa mikono, akajipaka mafuta, akajitazama kwenye kioo akaona mke wa mtu kabisa. Akatoka.

Michirizi! Na safari hii imeshuka hadi milangoni.

Nusura alie. Gladness akasema ni sabuni. Akasema ni maji ya ziwa. Akasema hata Wajapani wenyewe, rangi zao siyo za kuamini. Odeta akachota maji mengine. Aliosha bila sabuni, akakausha kwa kanga, akamalizia kwa gazeti kuukuu alilolikunjakunja, anasugua huku anaomba Mungu kimoyomoyo.

Alipoinua macho, Mama Elias alikuwa amegeukia upande wa pili. Midomo ameibana. Pindo la kitenge analifunga, analifungua, analifunga.

"Ameshakasirika," Odeta akamwambia mdogo wake jikoni. "Ameona siwezi kazi. Nakosa mume kwa sababu ya boneti, Gladi! Boneti!"

"Labda ni kuku wanapanda. Twende tukajifiche tuone."

Wakapita mlango wa pembeni, wakachuchumaa nyuma ya pipa la maji. Kuku hakuja.

Mama Elias ndiye aliyenyanyuka. Akatoa kikapuni kibuyu kidogo, akavua ndala, akasogea kwenye gari. Akachovya vidole, akarusha maji meupe ya unga wa mtama kwenye boneti, huku akitaja majina ya wazee wa kwao, mmoja mmoja, waliokufa wote. Akaenda mlangoni, pale anapopandia bibi harusi, akarusha tena. Mwisho akataja jina moja la mtu aliye hai.

Odeta.

"Toka huko nyuma ya pipa, binti," akasema bila kugeuka. "Tangu asubuhi nawaomba wazee wetu wakupokee, nalibariki gari litakalokuchukua. Kila nikimaliza, unafuta. Kama hututaki, si ungesema tu kwa mdomo?"

Alichojibu Odeta, na tambara bado liko mkononi, nitakisema kesho nikiweza kukisema bila kucheka. Leo mbavu zimegoma.