Pazia la Tirza

Hadasa alilitandaza gauni la harusi la bintiye juu ya meza ya fundi. Homa ilimchukua Tirza harusi ikiwa imekaribia, na gauni halikuvaliwa hata mara moja. Sasa mama yake alitaka lishonwe pazia la kufunika kabati la Torati, kule kule katika sinagogi ambako Tirza angefungia ndoa yake.

“Nitarizi simba wawili na taji, kama ilivyo desturi?” aliuliza Malka, fundi.

“Weka makomamanga. Aliyapenda, hata yale machachu.”

Malka akayachora kwa chaki, tunda baada ya tunda. “Na dada yangu, jina la marehemu tuliweke wapi?”

Hakuna aliyewahi kuthubutu kumwita Tirza hivyo mbele ya Hadasa.

“Chini, pembeni,” alisema. “Alikuwa na haya.”

Malka akashika mkasi, akaanza kukata taratibu kutoka kwenye pindo. Alipofika begani ilimbidi asimame. Hadasa alikuwa ameushika mkono wa gauni, ameukaza, kama mtu anayemvusha mtoto barabara.